Pasi ya Treni Ulaya: Tazama Umri wa Watoto na Visa Kwanza

Kwenda Nairobi na familia kwa SGR hakuumizi kichwa. Siti ya kawaida kutoka Miritini, Mombasa, ni shilingi 1,500, mtoto nusu, na bei haibadiliki ukinunua mapema au ukichelewa. Ulaya siyo hivyo. Tiketi za treni za masafa marefu hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, kama nauli za ndege. Ndiyo maana jamaa wakisikia tulipeleka watoto Ujerumani na Ufaransa, swali la kwanza ni: mlinunua pasi, ile tiketi moja ya kupandia treni nyingi kwa idadi fulani ya siku?

Sisi tunaoishi Kenya pasi yetu ni Eurail, inayotumika nchi 33. Interrail ni ya wakaazi wa Ulaya, usihangaike nayo.

Mimi na mamake watoto tulichukua daftari, tukagawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja bei ya pasi gawanya kwa siku za kusafiri. Upande wa pili tiketi ya kila safari: Köln (mji wa Ujerumani) hadi Berlin, Köln hadi Paris, na kurudi. Safari fupi kama ya Köln hadi Bonn hatukuziweka, maana tiketi yake ni ndogo na kuichomea siku nzima ya pasi ni hasara.

Kisha watoto. Mwenye miaka 4 hadi 11 hupewa pasi ya bure, wawili kwa kila mtu mzima. Akifika 12 analipa bei ya vijana. Inavutia, lakini treni za masafa marefu za Ujerumani huwabeba bure watoto chini ya miaka 15 walio na mzazi, hata kwa tiketi ya kawaida. Kwa hiyo ukizunguka Ujerumani tu, ile bure ya pasi haikuongezei kitu.

Kinachouma zaidi ni siti. Treni za kasi, TGV ya Ufaransa na Eurostar, hazikubali upande na pasi pekee. Lazima ubuku kiti na ukilipie, hata cha mtoto mwenye pasi ya bure. Treni ya moja kwa moja ya Köln hadi Paris ni Eurostar. Zidisha gharama hiyo kwa watu wanne, kwenda na kurudi, ndipo uamue. Ujerumani, Austria na Uholanzi treni nyingi hazikulazimishi kubuku.

Sasa visa, na hapa ndipo ushauri wa wageni wengine hautufai. Wao huambiana wanunue tiketi za bei ya chini miezi kadhaa kabla. Tiketi hizo nyingi hazirudishwi pesa, nawe pasipoti iko ubalozini na ombi la visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, laweza kuchukua siku 15, pengine hadi 45. Sikushauri hata kidogo uweke pesa za familia hapo kabla visa haijatoka. Sisi visa zetu zilitoka mapema, safari ndefu zilikuwa chache na siku nyingi tulikuwa kwa shemeji Köln, basi tukanunua tiketi za kawaida. Zingechelewa, ningechukua pasi bila kusita, kwa sababu bei yake haipandi eti safari iko wiki ijayo.

Ukiichukua, iweke kwenye simu na uingize safari katika programu ya Eurail kabla hamjapanda. Pasipoti za wote, za watoto pia, ziwe karibu: mkaguzi huweza kuziomba.