Kanga wangu wanakula mkononi, mbona jioni wanapanda mwembe?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Kiwangwa, Bagamoyo. Vijana waliokuwa wakifyeka shamba langu la mananasi waliniletea mayai ya kanga wa porini, nikamwekea kuku akayaangua. Wamekua vizuri, wanadonoa mtama kiganjani mwangu. Lakini sasa jioni wanarukia mwembeni, na wawili wamepotelea huko huko. Nimekosea wapi katika kuwafuga?

JIBU: Marahaba mama. Malezi yako hayana kasoro. Tatizo ni kwamba kanga hao wamekuzoea wewe, ila si ndege wa kufugwa, na haya ni mambo mawili tofauti.

Kuzoea ni kwa mnyama mmoja katika maisha yake. Hao wamelelewa na kuku, wamekuona kila siku na mtama mkononi, woga umewatoka. Wakienda kutagia porini, vifaranga wao watakukimbia kama walivyokukimbia bibi zao.

Tembo wanne wa India walioshushwa Msasani mwaka 1879, kwa safari ya Ziwa Tanganyika iliyogharamiwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, walikuwa wamefunzwa kutii amri na kubeba mizigo. Hata hivyo, ukoo wa tembo haujawa wa kufugwa hadi leo. Anayemtaka wa kazi humfunza mmoja mmoja.

Mnyama wa kufugwa huzaliwa na upole wake. Kazi hiyo hufanywa kwa kuchagua wazazi, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwanasayansi Dmitri Belyaev wa Urusi, aliyeanza na mbweha kule Novosibirsk mwaka 1959. Hakuwafundisha chochote. Alichagua wachache walioogopa watu kidogo kuliko wenzao, akawapandisha, kisha akachagua tena vivyo hivyo katika watoto wao. Hawajafika kizazi cha 10, tayari walizaliwa mbweha wanaotikisa mkia wakimwona mtu na kulia wakitaka kubembelezwa. Baadaye wengine wakazaliwa na masikio yaliyolegea na mabaka mwilini, ilhali hakuna aliyewachagua kwa sura!

Kanga wa kufugwa wapo, na asili yao ni Afrika Magharibi. Nao hupenda kulala juu, kwa hiyo mwembe peke yake usikuvunje moyo. Waliobaki wafungie bandani wiki kadhaa, mchana na usiku, humo uweke fito za kulalia zilizo juu kuliko kichwa chako. Kanga hataki kulala chini. Chakula kikuu wape jioni ndani ya banda, kwa mluzi ule ule kila siku. Ukianza kuwatoa, watoe kabla hawajala, watarudi kwa njaa. Unaweza pia kukata manyoya marefu ya bawa moja tu, ili wakiruka wayumbe. Usikate yanayochipua, yana damu, na ukumbuke kurudia wakishabadilisha manyoya.

Jambo moja nakuomba ulifanye kabla ya banda. Kanga wa porini ni mnyamapori, na kumkamata au kumweka nyumbani kunahitaji kibali. Nenda kwa ofisa wanyamapori wa wilaya ukamweleze ulionao, na uwaambie vijana wakikuta kiota kingine wakiache. Ukitaka kuongeza kundi, nunua vifaranga kwa mfugaji mwenye kibali.