Maswali ya Karakana: Msumeno wa Umeme na Vioo vya Rangi

Wasomaji wanaotengeneza madirisha, taa na mapambo ya vioo vya rangi wametuandikia kuhusu misumeno ya umeme. Tumechagua barua zinazogusa yale yanayoharibu kioo, mashine au afya ya fundi.

*Shikamoo fundi. Ninajifunza kutengeneza vioo vya rangi kwa utepe wa shaba, ule unaozungushwa kwenye kingo za kila kipande kabla ya kuviunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa. Kalamu ya kukatia kioo ninayo, lakini vipande vyenye pinde za ndani vinanivunjikia. Nataka kununua msumeno wa umeme ili nikatie kila kitu. Nifanye hivyo? — Mwanafunzi, Arusha*

Marahaba, kijana. Usinunue bado. Karibu vipande vyote vya dirisha la kawaida hukatwa kwa kalamu, tena haraka na bila kupoteza kioo. Mstari ulionyooka wa sentimita 30 unauchora na kuuvunja kwa sekunde chache, wakati msumeno utakuweka hapo dakika kadhaa na utakula kioo njia nzima.

Shida yako iko kwenye namna ya kuvunja. Kalamu haikati kioo. Gurudumu lake huacha mchubuko juu, na ufa huufuata ukibonyeza kwa koleo. Ufa una tabia ya kunyooka, kwa hiyo kwenye upinde wa ndani huuacha mstari na kukatisha njia. Chora mstari halisi kwanza, mara moja tu, wala usiupitie tena, kwa sababu kurudia huua gurudumu na huharibu mchubuko. Usiuvunje bado. Sasa chora matao madogo ndani ya sehemu ya kutupwa, umbali wa milimita 5 hivi kati ya tao na tao, kama magamba ya samaki, mpaka ufike ukingoni. Anza kuvunja tao la ukingoni, kisha rudi ndani tao moja moja. La mwisho kuvunjwa ndilo la mstari halisi.

Kabla ya msumeno, nunua mashine ndogo ya kusaga kingo. Kichwa chake cha kawaida cha milimita 19 hakiwezi kuingia kwenye upinde wa ndani wenye nusu kipenyo cha chini ya milimita 9.5, lakini kichwa cha milimita 6 hufika hadi nusu kipenyo cha milimita 3. Pinde nyingi wanazozihofia wanafunzi humalizwa hapo.

Msumeno uache kwa kazi zake: ghuba iliyo ndefu kuliko upana wake, kona ya ndani ya nyuzi 90, herufi, na kipande chenye shingo nyembamba. Kazi hizo ukizipata mara kwa mara, basi mashine itajilipa.

*Mimi ni fundi vigae. Nina grenda ya mkono na mashine ya kukatia vigae inayotumia maji. Je, nikifunga diski ya almasi naweza kukata vioo vya rangi? — Fundi, Mwanza*

Grenda, hapana. Diski yake ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, nayo inakata kavu. Almasi haina meno ya kuchana kioo. Inakisaga, na kusaga huzaa joto. Kioo hakipitishi joto vizuri, kwa hiyo pale panaposagwa hutanuka ilhali pembeni pamebaki baridi, na hapo ndipo kinapopasuka, mara nyingi mbali na mstari wako. Kuna wanaomwekea fundi msaidizi wa kumwagia maji wakati grenda inafanya kazi. Grenda ya kawaida ina matundu ya hewa kwenye mota, nayo haikuundwa kulowana. Maji yakiingia humo, umeme utakuja mkononi mwako.

Mashine ya vigae, ndiyo, ila kwa mistari iliyonyooka tu. Diski iwe ya ukingo mzima usio na mapengo, ya aina inayouzwa kwa vioo, yenye chembe ndogo za almasi. Diski yenye mapengo hugonga kioo kila pengo linapopita na kuacha ukingo uliomeguka. Hakikisha sehemu ya chini ya diski imezama kwenye maji kwa muda wote, kisha angalia kina cha maji kila baada ya mkato, kwa kuwa diski huyarusha nje.

Chini ya kioo laza plaiwudi nyembamba au plastiki bapa, ukate vyote viwili pamoja. Diski inaposhuka huumega upande wa chini, na ubao huo ndio unaoushikilia. Ukibakiza sentimita 1 kufika mwisho, simama, geuza kioo na uanzie upande wa pili, la sivyo kona ya mwisho itang'oka yenyewe kabla diski haijafika. Diski hula kama milimita 2, kwa hiyo kata nje ya mstari, ubakize milimita 1 ya kusaga.

*Nimepata msumeno wa pete uliokwisha kutumika. Kipande changu kinatoka kimemeguka kingo, na mstari niliouchora unafutika kabla sijamaliza. Wenzangu wenye msumeno wa mkanda wanalalamika mikanda kukatika. Tunakosea wapi? — Dada wa ufundi, Nairobi*

Dada, mnayoyataja yana mizizi mitatu: maji, mkono na alama. Kwanza tofauti ya mashine zenyewe. Mkanda ni utepe wa chuma unaozunguka kwenye magurudumu, una almasi upande wa mbele, kwa hiyo ni lazima kioo kielekee mbele, na ukigeuza ghafla unaupinda. Pete ni duara la chuma lililozungukwa na almasi pande zote. Unaweza kusukuma kioo mbele, kukirudisha nyuma au kukipeleka pembeni bila kukizungusha, na ndiyo maana mafundi wa vipande vyenye mikunjo mingi huipenda.

Tuanze na alama. Chora kwa kalamu ya wino usiofutika, kwenye kioo kilichosafishwa na kukauka. Wino ukikauka, paka juu yake mafuta ya mgando au sugua mshumaa, na maji hayatauondoa. Kwenye kioo cheusi au cha bluu iliyokolea tumia kalamu ya rangi nyeupe au ya fedha. Ukitaka uhakika zaidi, kata kiolezo kwenye plastiki inayojinata, ukisugue kwa kidole mpaka hewa yote itoke. Kiolezo cha karatasi tupu hakifai. Kitalowa na kuvimba, nawe utafuata mstari uliohama.

Maji yaguse almasi pale inapokutana na kioo. Beseni kujaa hakutoshi. Sifongo ikichakaa au kujaa tope, inaonekana imelowa lakini haipeleki kitu. Tazama mkato wenyewe. Ukiona uji mweupe unatiririka, maji yanatosha. Ukiona uji umekauka pembeni au vumbi jeupe limeruka, ondoa kioo papo hapo. Kukata kavu kwa muda mfupi tu kunaweza kuivua almasi kutoka kwenye chuma, na haitarudi.

Mkono usiwe na nguvu. Sikiliza sauti. Msumeno unaokata vizuri una mvumo mmoja, laini, usiobadilika. Ukianza kupiga kelele kali au mota kuzubaa, unasukuma kuliko almasi inavyoweza kusaga. Mkanda unaosukumwa sana hujikunja mbele, halafu unapoulegeza unaruka, na mruko huo ndio unaomega ukingo. Mikanda ya wenzako inakatika kwa sababu hiyo, au kwa sababu wanaigeuza kwenye kona bila kuipa nafasi. Kabla ya kona kali, ingiza mikato mifupi miwili au mitatu kutoka ukingoni hadi karibu na mstari, ili vipande vya taka vianguke na mkanda upate pa kugeukia. Wakikirudisha kioo nyuma wakivute polepole, kwa kuwa mkanda huweza kuchomoka kwenye magurudumu yake.

Kona ya ndani isiwe na ncha. Iache na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3 hata kama mchoro unaonyesha ncha kamili. Nguvu zote za kioo hukusanyika kwenye ncha, na ufa utaanzia hapo, pengine dirisha likiwa limeshafungwa ukutani. Utepe wa shaba na risasi vitaficha tofauti hiyo.

Kioo chenye upande wa mawimbi, laza upande laini chini ili kisiyumbe kwenye meza. Kioo cha kujitazamia, weka upande wenye rangi ya fedha juu, kwa sababu mashine hizi humega zaidi upande wa chini. Ukikaribia kutoka, milimita 5 za mwisho, punguza msukumo karibu uache kabisa, na shika pande zote mbili. Taka ikining'inia huvunjika kwa uzito wake na kukuachia mwiba wa kioo.

Kwa kuwa pete yako imetumika, huenda almasi yake imezibwa. Ikiteleza juu ya kioo bila kukata, pitisha kipande cha tofali la kuchoma kwa sentimita chache, na maji yakiwepo. Tofali hula chuma laini kinachoshikilia almasi na kufunua chembe mpya. Ikiwa hata baada ya hapo haikati, almasi imekwisha. Nunua nyingine. Kusukuma zaidi kutaharibu mota tu.

*Ndugu yangu ameniletea msumeno kutoka Marekani. Umeandikwa volti 120, hezi 60. Niuchomeke? — Msomaji, Dar es Salaam*

Usiuchomeke moja kwa moja. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na mota hiyo itaungua. Tafuta transfoma ya kushusha hadi volti 110 au 120, yenye uwezo wa wati angalau mara moja na nusu ya mota, kwa sababu mota huvuta zaidi inapoanza. Transfoma haibadilishi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Kama mota haina brashi za kaboni, itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo punguza mwendo wa mkono wako kwa kiasi hicho na ishike mara kwa mara uone kama imepata joto.

Mashine inayotumia maji iunganishwe kupitia swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalofuata waya lidondokee sakafuni na si ndani ya soketi.

*Utepe wa shaba haushiki kwenye vipande nilivyokata kwa msumeno, lakini kwenye vilivyokatwa kwa kalamu unashika vizuri. — Fundi wa taa, Kampala*

Ukingo uliosagwa unapaswa kushika vizuri zaidi, kwa sababu una ukwaru. Kinachozuia ni mafuta ya mgando au unga wa kioo uliokauka kwenye vishimo vidogo vya ukingo. Osha kila kipande kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani mara tu unapokitoa kwenye mashine, kabla unga haujakauka. Kausha kabisa. Kisha pitisha utepe na uusugue pande zote tatu kwa kijiti cha plastiki au mbao. Kioo cha milimita 3 kinafunikwa vizuri na utepe wa milimita 5.5. Ikiwa ukingo umemeguka, rudi kwenye mashine ya kusaga kwanza. Utepe haufuniki jeraha, na risasi ikipita juu yake inakuwa na mabonde.

*Nafanyia kazi barazani na watoto wako karibu. Vumbi la kioo ni hatari kiasi gani? Na maji machafu niyamwage wapi? — Mama, Mombasa*

Mama, maji ya mashine hulaza vumbi karibu lote, lakini matone madogo yanarushwa hewani yakiwa na unga. Vaa miwani inayoziba pembeni, barakoa ya chembe ndogo, na aproni ya plastiki. Rangi ya baadhi ya vioo vyekundu, vya machungwa na vya njano hutokana na kadimiamu na seleniamu, na nyingine zina madini ya risasi. Kwa hiyo usile, usinywe, wala usiache chombo cha jikoni kwenye meza hiyo. Ukimaliza, futa baraza kwa kitambaa kilicholowa, usifagie kavu. Watoto wasikae hapo unapokata. Hilo hatulegezi.

Maji machafu yaache kwenye ndoo yenye kifuniko usiku kucha. Asubuhi tope litakuwa limezama, na maji ya juu unaweza kuyarudisha kwenye mashine. Tope likaushe ndani ya mfuko na kulifunga vizuri kabla ya kutupa. Likimwagwa kwenye sinki hutuama kwenye bomba na kuganda kama saruji.

*Je, kioo cha dirisha la gari kinakatika kwa msumeno? Na vile vioo vinene vya kujengea ukuta? — Wanakikundi, Nakuru*

Kioo cha pembeni cha gari hakikatiki kwa chombo chochote. Kimepashwa moto na kupozwa ghafla ili ngozi yake ibanwe, na almasi ikivuka ngozi hiyo kipande chote kinasambaratika. Tafuta muhuri mdogo kwenye kona, au kiangalie kupitia miwani ya jua ya polaraizi. Madoa yanayojipanga yanaashiria kioo cha aina hiyo. Vioo vya luva vya kawaida vyenye milimita 5 vinafaa sana kwa mazoezi, na mafundi wa alumini hutupa mabaki yake kila siku.

Vioo vinene vya milimita 25 vinavyoshikiliwa kwa zege, kama kazi za karakana ya Kitengela aliyoianzisha Nani Croze nje ya Nairobi, kwa kawaida humeguliwa kwa nyundo juu ya patasi iliyosimamishwa. Mikunjo inayobaki kwenye kingo ndiyo inayocheza na mwanga. Msumeno utakupa ukingo ulionyooka usio na uhai huo. Utumie pale tu kipande kinapotakiwa kukaa kwenye nafasi iliyopimwa.

*Narekebisha vioo vya rangi juu ya mlango wa nyumba ya zamani Mji Mkongwe. Kipande kimoja kimepasuka. — Seremala, Zanzibar*

Vipande vya aina hiyo mara nyingi ni vya mstari ulionyooka na tao la nje, hivyo kalamu inatosha. Pima nafasi ya fremu mahali pengi, kwa sababu mbao za zamani hazina kona sawa, kisha kata kipande kipya milimita 2 pungufu kila upande ili mbao zivimbe wakati wa masika bila kukibana. Kipande cha zamani kihifadhi hata kikiwa kimepasuka. Unene na rangi yake ndivyo utakavyovitumia kutafuta mwenzake dukani.