Uso wa Kiini cha Atomu Huanzia Wapi?

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Matondoni, Lamu. Mwalimu wetu alitwambia kwamba kiini cha atomu ni kama tone la maji, kisha akaongeza kwamba tone hilo halina ukingo dhahiri. Kitu kisicho na ukingo, uso wake huhesabiwaje? Na kwa nini viini vyepesi husemwa ndivyo vigumu zaidi kuvihesabu?

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanetu. Wewe unayeishi kwa mafundi wa majahazi umeshaona ubao uliopakwa sifa (mafuta ya papa) ukirushiwa maji: maji hujikunja yakawa matone, kwa kuwa chembe iliyo juu ya tone huvutwa na zile za ndani na za kando, wala haina jirani upande wa nje. Mwanafizikia Mjerumani Carl von Weizsäcker aliijenga hesabu yake ya nishati ya kiini, ya mwaka 1935, juu ya wazo hilo. Chembe ya kiini, yaani protoni au nyutroni, iliyozungukwa pande zote huchangia nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya vitu vidogo mno) milioni 16 hivi katika kukishikamanisha kiini. Iliyo usoni huchangia pungufu, na upungufu huo, ukigawanywa kwa chembe zote, ni kama milioni 3 katika kiini cha madini ya risasi yenye chembe 208, lakini hukaribia milioni 8 katika kaboni yenye chembe 12. Nusu ya pato imeliwa na uso!

Kuhusu ukingo, mwalimu wako amesema kweli. Katika miaka ya 1950, Robert Hofstadter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walivipiga viini kwa elektroni, wakaona kwamba msongamano wa chaji haukatiki ghafla kama kifuu cha nazi, bali hushuka kutoka asilimia 90 hadi 10 ya ule wa katikati kwa masafa ya femtomita 2.4 hivi. (Femtomita ni milimita iliyogawanywa mara trilioni moja.) Kwa hiyo ukingo huhesabiwa pale msongamano unapobaki nusu. Katika risasi, nusu hiyo hufikiwa kwenye femtomita 6.6 kutoka katikati, na ndani yake mna nafasi tele iliyo tulivu. Heli yenye chembe 4 ina nusu kipenyo cha wastani cha femtomita 1.7 tu: ni ngozi tupu, haina nyama. Fomula ya tone haina la kuaminika hapo, kwa maoni yangu, na ndiyo maana wataalamu huanza na kani iliyopo baina ya chembe mbilimbili na tatutatu, kazi inayohitaji kompyuta kubwa kila chembe zinapoongezeka.

Lithi yenye chembe 11 ni shida nyingine. Mwaka 1985, Isao Tanihata na wenzake, wakifanya majaribio Berkeley, Marekani, waliikuta pana kupita kiasi. Nyutroni zake mbili, zilizoshikwa kwa nishati isiyofika elektronivolti milioni 0.4, hutanda mbali na chembe 9 za ndani mfano wa duara la mwanga linalouzunguka mwezi. Kanuni ya nusu ingeuweka ukingo kwenye chembe za ndani na kuziacha hizo mbili nje, kwa hiyo lithi hiyo huelezwa kwa vipimo viwili: kimoja cha kiini cha ndani, kingine cha utando wake.