Eti bastola bila kibali hapa North Carolina, ni kweli?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Greensboro na nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Jamaa mmoja kazini kaniambia sheria imeshapita, sasa hivi mtu akifika miaka 18 anaficha bastola kiunoni chini ya shati na hakuna wa kumuuliza kibali. Mimi nina grini kadi, natoka saa tisa usiku na pale tunapopaki magari panatisha kwa kweli, nimeshaanza kuulizia bei. Mwanangu wa miaka 19 ni raia kupitia mama yake na yeye pia anaitaka. Tunaruhusiwa?

JIBU: Baba pole sana na hiyo hofu, naielewa. Ila usinunue chochote kwanza.

Huyo jamaa kachanganya mambo. Muswada upo, unaitwa SB 50, yaani muswada wa Seneti namba 50, na mwaka 2025 ulipita kote kuwili pale Raleigh, makao makuu ya jimbo, Seneti na Baraza la Wawakilishi, halafu gavana Josh Stein akaupiga kura ya turufu tarehe 20 Juni. Mwezi Julai Seneti ikaitengua hiyo turufu kwa kura 30, nadhani hapo ndo watu wakaanza kutangaza kwamba imeshakuwa sheria, lakini Baraza la Wawakilishi nalo lazima litengue, zinatakiwa kura tatu kwa kila tano, yaani 72 wote wakiwepo, na chama cha Republican kina viti 71 kati ya 120 na wabunge wake wawili waliupinga toka mwanzo, kwa hiyo kura ikawa inaahirishwa na kuahirishwa mpaka 2025 inaisha. Sheria inayofanya kazi ni ileile: kuficha bastola mwilini unahitaji kibali cha sherifu wa kaunti yako, uwe na miaka 21, upige kozi na kulenga shabaha, utoe alama za vidole.

Sasa kuna kitu jamaa yako hakukwambia, na ndo kimenifanya nikujibu haraka. Huo muswada hata ukipita kesho unasema RAIA wa Marekani wa miaka 18 kwenda juu. Mwenye grini kadi hayumo. Wewe kibali cha sherifu unaweza kuomba, sheria inakuruhusu, lakini bila hicho kibali ukikamatwa na bastola chini ya shati ni kosa, na kwa asiye raia hukumu ya kosa la silaha inaweza kukufikisha mbele ya jaji wa uhamiaji ukafukuzwa nchini, hata kama umekaa hapa miaka 15 na kodi unalipa. Mwenzako raia huenda akalipa faini tu akaenda zake nyumbani, wewe utatafuta wakili wa uhamiaji. Kosa ni moja ila uzito si mmoja baba. Na walio kwenye viza za muda au hawana makaratasi, wao sheria ya shirikisho inawakataza kabisa kushika silaha isipokuwa wachache sana, kama wenye viza waliokata leseni ya uwindaji.

Kijana wako ndo muswada unamgusa hasa. Duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia bastola kabla ya miaka 21, lakini kwa mtu binafsi anaweza kununua, na ile karatasi ya sherifu ya kununulia bastola jimbo liliifuta 2023. Ukipita huo muswada ataificha kiunoni bila kukaa darasani hata siku moja, mi hilo silikubali, kozi ile angalau inakufundisha lini HUTAKIWI kupiga. Kaa naye umwambie hivyo, na umwambie bila kibali shuleni haiingii hata ikiwa kwenye gari, kwa hiyo siku mkienda kuwachukua wadogo zake isiwepo.

Ukiamua kuomba kibali, nenda ofisi ya sherifu wa kaunti yako ya Guilford na grini kadi yako mkononi. Ukishakipata, polisi akikusimamisha mwambie mwenyewe kabla hajauliza kwamba unayo, mikono ikiwa juu ya usukani, na usiiguse.