Ukiwa Oslo, fika Kongsberg

Ndugu, umeuliza kama inafaa kutoka Oslo siku moja kwenda kuona makumbusho ya mgodi wa fedha wa Kongsberg. Nenda! Fedha iligunduliwa huko mwaka 1623, ikachimbwa zaidi ya miaka 300. Treni ndogo hukuingiza kilomita 2.3 ndani ya mlima, mle ambamo wachimbaji waliwasha kuni ukutani mpaka mwamba ukapasuka. Hapo nilinyamaza kabisa, nikiwaza moshi waliouvuta. Halafu kuna fedha asilia iliyojisokota kama waya. Hiyo pekee inastahili nauli yako. Mgodini ni nyuzi 6 hivi, baridi kuliko Limuru mwezi wa Julai, kwa hivyo pitia Gikomba utafute koti zito kabla ya kusafiri.