Zile elfu saba na mia tano

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako ulinifikia jana usiku nikiosha vyombo, nikaukausha mkono niusome vizuri. Unasema kampuni ya bima inakudai shilingi 7,500 kwa kuwa uliwapigia ukawaambia mambo mawili: umehama South B kwenda Ruaka, na Juma ataanza kulichukua gari lako, ile Fielder, siku za kazi abebe abiria wanaoita gari kwa programu ya simu. Halafu wameongeza 500 "za stika". Mwisho ukaniuliza, "Mama, nikinyamaza tu nisilipe hadi bima iishe Desemba kuna ubaya gani?"

Nimekaa miaka 19 nyuma ya kaunta ya broka wa bima hapa mjini, na swali hilo nililisikia karibu kila wiki. Wengi walikuwa wakiuliza wakati wameshanyamaza. Wewe umeuliza mapema, kwa hiyo tusikilizane.

Hizo pesa si kitu kimoja. Ile 7,500 ni premiamu, yaani bei ya bima yenyewe, na hesabu yake unaweza kuifanya hata kwa kalamu. Gari lako limeandikwa 900,000. Mwezi Januari ulilipa asilimia 4, yaani 36,000. Juu yake kulikuwa na tozo ndogo ambazo hukuzitazama: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kufidia wenye bima, na shilingi 40 za stempu. Jumla 36,202. Sasa gari likibeba abiria wa kulipa, wao wanatoza asilimia 6, ambayo kwa mwaka ni 54,000. Tofauti ni 18,000. Lakini umebakiza miezi mitano tu, Agosti hadi Desemba, kwa hiyo unadaiwa sehemu tano za kumi na mbili: 7,500. Hapo hawajakuibia. Tozo zikiongezwa hazifiki hata shilingi 40.

Ruaka haimo kabisa katika hesabu hiyo. Yale uliyosoma kwenye simu, ya kwamba ukihama mtaa bima inapanda, ni ya Uingereza, ambako mpaka postikodi yako ina bei. Hapa kwetu wanaangalia zaidi thamani ya gari na kazi linayofanya. Anwani wape tu, barua zisipotee, na uwaambie gari linalala ndani ya geti au barabarani wakikuuliza.

Zile 500 ndizo ningezishikilia. Hiyo ni ada, na ada lazima iwe imeandikwa mahali. Siku hizi cheti cha bima kinatolewa kidijitali, hakuna karatasi ngumu ya kubandika kiooni kama zamani tulivyokuwa tukihesabu moja moja na kuzifungia kabatini usiku. Waulize kwa upole, kwa barua pepe si kwa simu: ada hii iko kifungu gani cha mkataba? Wakikuonyesha, lipa. Wakikuzungusha, Mamlaka ya Kudhibiti Bima iko Upper Hill na inapokea malalamiko ya mtu wa kawaida. Mara nyingi hata hutafika huko. Ukiitaja tu mtu wa kaunta anaanza kutafuta meneja. Najua, nilikuwa huyo mtu wa kaunta.

Sasa kunyamaza. Kulikuwa na mteja wetu mmoja, kijana mtaratibu, analipa kwa wakati, gari limeandikwa la binafsi. Jioni ile akagongana Jogoo Road akiwa na abiria wawili nyuma. Polisi wakaandika maelezo, na abiria wakasema ukweli kwamba wamelipia safari. Nani angewalaumu? Mkaguzi wa kampuni alisoma ukurasa mmoja tu akafunga faili. Gari lilikaa yadi likidaiwa pesa za kuegeshwa kila siku, na yule kijana akawa anakuja kaunta kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyekataa. Nilimpa maji ya kunywa. Sikuwa na kingine.

Usidhani sheria ingemwokoa. Sura ya 405, sheria yetu ya bima ya magari, inalazimisha bima kwa ajili ya yule utakayemgonga au kumuumiza, na hata huyo ana kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Bati la gari lako halimo humo. Hilo linategemea mkataba wako, na mkataba wako unasema gari la binafsi. Kubeba mtu kwa malipo, hata safari moja ya kutoka Ruaka hadi Westlands, kunakutoa nje yake.

Na lile wazo lako jingine, la kushusha thamani hadi 600,000 ili premiamu ishuke pia, liache. Gari la 900,000 ukiliandika 600,000, umebeba theluthi ya hasara wewe mwenyewe. Likiumia kwa 150,000, watakulipa 100,000, kisha watoe eksesi, ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia. Isitoshe magari ya mtumba yalipanda bei shilingi ilipofika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo kabla ya kushusha chochote lipeleke kwa mthamini. Huenda akakwambia uongeze.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza. Wanaweza kukwambia kwamba mkataba wa binafsi haubadilishwi, unafungwa, na wa teksi unafunguliwa upya. Kampuni nyingi hufanya hivyo. Hapo uliza, kabla ya kukubali, pesa zako za miezi mitano watazirudisha vipi. Kama ni siku kwa siku, sawa, unapata 15,000 zako. Kama ni kwa jedwali la muda mfupi, watabaki na zaidi ya sehemu waliyoifanyia kazi, na ule mkataba mpya utakugharimu zaidi ya hiyo 7,500. Waombe wakuandikie njia zote mbili. Na kama ungekuwa umedai fidia mwaka huu, marejesho pengine usingeyaona kabisa.

Juma naye ana leseni changa. Angalia kwenye mkataba eksesi ya dereva kijana au asiye na uzoefu. Huwa inajumlishwa juu ya ile ya kawaida, na akikwaruza mlango wa mtu Thika Road, wewe ndiye utakayeitoa mfukoni. Akubali mapema atakuchangia. Beji yake ya PSV pia, ile ya dereva wa abiria wa kulipa, nataka kuiona kwa macho yangu, si picha ya WhatsApp.

Ukilipa, lipa kwa namba ya kampuni yenyewe, si kwa simu ya wakala, hata kama ni yule anayekuita dada. Sheria yetu ya bima haitambui kinga ambayo premiamu yake haijaifikia kampuni, na ujumbe wa M-Pesa wenye jina la wakala utakusumbua siku ya ajali.

Mwambie Juma asiwashe programu hiyo mpaka cheti kipya kifike na kisomeke teksi. Si Jumatatu kwa sababu wamesema Jumatatu. Kikifika.

Mama yako
Buruburu