Pikapu ipi kwa roki ya zamani? Fundi anajibu

Barua za safari hii zote ni za pikapu. Siyo ile ya kubebea mkaa, ni kile kisanduku kilichokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, kinachodaka mtikisiko wake na kuupeleka kwenye amplifaya. Twende.

Shikamoo fundi. Nina gitaa la mtindo wa Stratocaster na nataka sauti nzito ya roki ya miaka ya 60 na 70. Muuza duka anasema ninunue pikapu yenye nguvu kuliko zote, ya kilo-omu 16. Ninunue?

Marahaba. Usinunue, angalau si kwa kazi hiyo.

Kilo-omu ni kipimo cha ukinzani wa waya uliozungushwa ndani ya pikapu, yaani koili, na wauzaji huitumia kutaja nguvu. Lakini sauti unayoitafuta haikutoka kwenye pikapu kali. Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, mwaka 1955. Zilizofungwa kwenye magitaa ya Gibson Les Paul ya mwishoni mwa miaka ya 50 zilibandikwa kikaratasi cha Kiingereza, Patent Applied For, yaani hataza imeombwa, na kwa herufi za maneno hayo zikaitwa PAF. Ukizipima kwa mita, nyingi zinasoma kilo-omu 7 mpaka 9 tu. Mpiga gitaa Eric Clapton alitumia Les Paul ya zama hizo aliporekodi na John Mayall mwaka 1966. Jimmy Page naye, kwenye albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, alipiga zaidi Telecaster, gitaa la koili moja ambalo muuza duka wako angelicheka.

Ukali ulitoka wapi basi? Kwenye amplifaya. Zilikuwa za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, zinafunguliwa mpaka zinaanza kukwaruza zenyewe. Pikapu ilipeleka sauti safi yenye uhai, amplifaya ikaichafua vizuri.

Pikapu kali za kununua peke yake zilivuma baadaye, hasa DiMarzio Super Distortion ya mwaka 1972, yenye sumaku ya serami. Ni pikapu nzuri sana, sina ugomvi nayo. Lakini waya ukizungushwa mizunguko mingi, nguvu inapanda na sauti nyembamba za juu zinafifia. Ni pilipili iliyokwisha kumwagwa sufuriani: hata ukipunguza volyumu ya gitaa, haisafiki kama zile za zamani.

Kwa darajani, yaani upande nyuzi zinakofungwa mbali na shingo, tafuta hambaka ya kilo-omu 7.5 hadi 8.5, yenye sumaku ya alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti). Alniko 2 ni laini, inabembeleza. Alniko 5 ina besi iliyokaza na juu panang'aa zaidi. Ungekuwa mdogo wangu ningekupa ya 5 darajani na ya 2 shingoni. Tahadhari moja: omu pekee hazisemi nguvu. Waya mwembamba zaidi unasoma omu nyingi bila mizunguko kuongezeka, kwa hiyo anayekuuzia kwa namba moja tu muulize sumaku ni gani.

Gitaa langu linanguruma kama friji nikikaa karibu na taa. Nikijigeuza upande, linapungua. Pikapu imekufa?

Ni nzima kabisa. Koili moja ni antena, inadaka umeme wa nyumbani unaopiga mara 50 kwa sekunde, na ndiyo maana ukigeuka inadaka kidogo. Hambaka inazo koili mbili zilizopinduliwa, sumaku zake nazo zimepinduliwa: mngurumo unajifuta wenyewe, sauti ya nyuzi inajumlishwa. Kabla hujanunua chochote, kama gitaa ni Stratocaster jaribu swichi kwenye nafasi ya pili na ya nne, zinazowasha pikapu mbili pamoja. Kwenye Stratocaster nyingi za siku hizi pikapu ya kati imepinduliwa makusudi, na hapo mngurumo unakatika.

Naweza kuweka hambaka bila kuchonga mbao?

Ndiyo. Zipo hambaka nyembamba zinazoingia kwenye tundu la koili moja. Hazifanani moja kwa moja na PAF kwa sababu koili zake zimebanana na zinasikiliza kipande kifupi cha uzi, lakini kwa roki zinatosha. Pia fungua lile bamba la plastiki uangalie chini: magitaa mengi ya bei nafuu yamekwisha chongwa shimo kubwa kiwandani, na utakachokata ni plastiki tu.

Wanachosahau wengi ni vitufe vya kuzungusha vya volyumu na toni. Stratocaster hutumia vya kilo-omu 250, hambaka inapenda 500. Ukiiacha kwenye 250 itasikika kama imefunikwa blanketi, halafu utailaumu pikapu.

(Kama gitaa lako lina tundu kubwa, fikiria P-90, koili moja pana ambayo Gibson waliitoa mwaka 1946. Inanguruma, lakini ina ule mkwaruzo wa kooni. Mimi ndiyo nipendayo kuliko zote.)

Nikipandisha geini (kitufe cha ukali kwenye amplifaya), pikapu inapiga mluzi mkali hata nikishika nyuzi zote.

Koili zimelegea, waya unatikisika wenyewe. Zinatakiwa kuchovywa kwenye nta. Nta iyeyushwe kwenye chombo kilicho ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na joto lisizidi nyuzijoto 65 za Selsiasi, la sivyo plastiki inapinda. Kama hujawahi, mpe fundi. PAF za asili hazikuchovywa, na zilipiga mluzi vilevile.

Fundi, sina hela ya pikapu mpya. Nifanyeje?

Chukua bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na pikapu ya darajani. Kwa hambaka anzia milimita 2 upande wa besi na 1.5 upande wa nyuzi nyembamba. Koili moja iache mbali zaidi, 2.4 na 2, kwa sababu sumaku zake zinavuta nyuzi. Mimi niliwahi kuzipandisha mpaka karibu ziguse, nikidhani napata nguvu. Gitaa likakataa kukaa kwenye tuni, noti za juu zikawa zinayumba kama za mlevi. Nilibadilisha vifunguo vyote sita vya kukazia nyuzi kabla sijagundua kuwa kosa lilikuwa langu.

Halafu shusha geini ya amplifaya chini ya unavyodhani, pandisha volyumu, na uweke nyuzi mpya za nikeli. Skrubu izungushe robo mzunguko kwa mara moja, piga, sikiliza, ndipo uongeze.